MASHINE IKIKOSEA, NANI ATAJIBU?



Niliwahi kualikwa kama msikilizaji katika kikao cha kamati ya maliasili ya kijiji kimoja. Siku hiyo alikuja kijana kutoka shirika la kuhifadhi mazingira, mpole na mwenye adabu, akiwa na kompyuta ya mkononi. Aliifungua mbele ya wazee akawaonyesha ramani ya kijiji chao kama kinavyoonekana kutoka angani. Juu ya ramani hiyo yalikuwapo madoa mekundu. Akaeleza kwamba kila doa ni mahali ambapo miti imetoweka katika majuma ya karibuni, na kwamba hakuna mtu aliyekwenda kuyahesabu: programu ya kompyuta ndiyo iliyozilinganisha picha za setilaiti, za zamani na za sasa, ikayatambua yenyewe. Wazee walistaajabu. Mwenyekiti akaanza hata kutaja faini.

Ndipo mama mmoja mjane, aliyekuwa ameketi nyuma, alipoomba ruhusa asogee. Alilitazama doa moja kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mwanangu, hapo ni kwangu. Hilo ni shamba la marehemu mume wangu. Tuliliacha lipumzike miaka sita, likaota vichaka. Mwaka huu nimelifyeka nipande mihogo. Sasa hiyo mashine yako ikisema nimekata msitu, nami sikuukata, nimwendee nani?"

Kijana yule alinyamaza. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa amekuja kudanganya. Alikuwa amefundishwa kukitumia chombo; hakuwa amefundishwa kulijibu swali hilo, na shirika lake halikuwa limemteua mtu wa kulijibu.

Swali la mama yule ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Siku hizi mashirika ya mazingira, halmashauri, hospitali, idara za serikali, na hata ofisi zetu wenyewe za Kanisa, zinashauriwa kutumia akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia au akili unde. Wako watu na taasisi zilizojitolea kuzisaidia ofisi hizo ziipokee kwa uangalifu. Msaada huo ni mwema, nami siupingi. Lakini naomba niseme wazi tangu mwanzo: yeyote anayeipatia ofisi ya umma chombo hiki bila kuipatia pia uwezo wa kukihoji, kukisahihisha na kukizima, hajaisaidia ofisi hiyo. Ameiongezea nguvu bila kuiongezea wajibu. Na sisi tuliokwisha kuketi na wanyonge katika vibaraza vya ofisi tunajua nguvu isiyo na wajibu huishia wapi.

TUONE

Neno "akili" lisitutishe. Programu ya namna hii haifikiri kama mtu afikirivyo. Huonyeshwa mifano mingi mno, maelfu au hata mamilioni, ikatafuta humo yanayofanana. Kisha ikiletewa jambo jipya, hukisia. Mifano ikiwa mizuri, hukisia vema. Mifano ikiwa na kasoro, huirithi kasoro hiyo. Kwa hiyo kila jibu lake ni makisio, hata likitolewa kwa lugha ya uhakika.

Tuanze na mema, maana yapo. Tangu mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliweka katika Hifadhi ya Serengeti kamera 225 zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita. Picha zikafikia milioni 3.2, na robo tatu hivi hazikuwa na mnyama yeyote; labda ni nyasi tu zilizopepea. Watu wa kujitolea wa nchi nyingi walizipitia moja moja kwa njia ya intaneti. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya kustaajabisha: programu iliyofundishwa kwa picha hizo iliweza kushughulikia asilimia 99.3 ya picha zote kwa usahihi uleule wa watu wale, yaani asilimia 96.6. Hiyo ni kazi ambayo ingemchukua mtu mmoja zaidi ya miaka minane.

Mfano wa pili unatugusa zaidi sisi wakulima. Programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, hutazama jani la muhogo kwa kamera ya simu na kusema kama lina batobato au michirizi ya kahawia. Hufanya kazi hata mahali pasipo na mtandao, nayo huzungumza Kiswahili. Mwaka 2020 watafiti walioshiriki katika kazi hiyo walichapisha vipimo vyao: Nuru ilipata asilimia 65, maafisa ugani walipata kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Walipoangalia majani sita ya mmea mmoja badala ya jani moja, Nuru ilipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88.

Tazameni vizuri kilichofanya mifano hii miwili istahili sifa. Kwanza, makosa yalihesabiwa na kutangazwa hadharani. Asilimia 65 maana yake ni kwamba katika kila majibu 100, 35 hivi yalikuwa ya makosa; watafiti hawakulificha hilo, bali walitafuta njia ya kuyapunguza. Pili, programu ilifundishwa kwa picha zilizotambuliwa na watu, tena zilizopigwa hapa hapa katika mazingira yetu. Tatu, mkulima wa muhogo anabaki na shamba lake na uamuzi wake. Nuru ikikosea, yeye yupo palepale, anauona mmea kwa macho yake, na hakuna anayemtoza faini.

Masharti hayo matatu yakikosekana, mambo hubadilika. Mwaka huohuo wa 2018 watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya California walionyesha kwamba programu iliyofundishwa kwa kamera za mahali fulani huanguka vibaya ikipelekwa kwenye kamera za mahali pengine. Walitoa mfano wa ng'ombe: akiwa malishoni hutambuliwa mara moja, akiwa ufukweni, huenda programu isimtambue kabisa, kwa kuwa ilizoea kumwona ng'ombe palipo na majani. Mtoto yeyote wa pwani asingekosea hapo. Basi shirika linaponunua chombo kilichosifiwa ng'ambo na kukileta Rufiji au Kasese bila kukipima upya, halijui limenunua nini.

Nchini Uganda, watafiti walishirikiana na mamlaka ya wanyamapori kutumia kumbukumbu za doria za miaka mingi katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ili programu ikisie mahali ambapo wawindaji haramu watatega nyaya. Kazi hiyo iliwakumbusha jambo moja ambalo kila karani anapaswa kulijua. Mahali ambapo askari hawakufika, daftari liko tupu. Je, utupu huo maana yake hakuna ujangili, au hakukuwa na wa kuuona? Watafiti wale waliliona tatizo wakaliwekea hesabu yake. Lakini ofisi isiyouliza itawatuma askari kila siku kwenye njia zilezile, na kila siku itapata ushahidi kwamba ilifanya vema.

Hata ramani ya mama yule ina maelezo ya namna hiyo. Mfumo mashuhuri wa Global Forest Watch, uliozinduliwa mwaka 2014 na taasisi ya World Resources Institute, hutoa bure tahadhari za kutoweka kwa miti, na umewasaidia wengi kuwahi uharibifu. Lakini kipande kidogo kabisa kinachoonekana katika picha zake ni mraba wa mita 10 au 30 kila upande, na wenye mfumo husema wazi kwamba tahadhari huonyesha kifuniko cha miti kimepungua, si kwa nini kimepungua wala kwa kosa la nani. Setilaiti haijui tofauti ya jambazi wa magogo na mjane anayerudia shamba lake. Tofauti hiyo inajulikana chini, kijijini.

Sasa tutazame mabaya, na tusidhani kwamba hutokea katika nchi maskini peke yake. Nchini Uholanzi serikali huwasaidia wazazi kulipia malezi ya watoto wadogo wakati wao wako kazini. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 2019, mamlaka ya kodi iliwatuhumu maelfu ya wazazi kwa udanganyifu wasioufanya. Idadi iliyotajwa sana ni wazazi 26,000 hivi. Kuanzia mwaka 2013 ilitumia programu iliyojifunza yenyewe kumpa kila mwombaji alama ya hatari, na kutokuwa raia wa Uholanzi kulihesabiwa kuwa dalili ya hatari. Kosa dogo katika fomu lilitosha kumfanya mzazi adaiwe fedha zote alizopata, mara nyingine makumi ya maelfu ya euro. Nyumba ziliuzwa, ndoa zilivunjika, na watoto zaidi ya 1,000 wa familia zilizoguswa waliondolewa kwa wazazi wao. Serikali nzima ilijiuzulu tarehe 15 Januari 2021.

Jambo la kuzingatia ni hili: kati ya programu na wazazi walikuwapo watumishi, watu wenye macho na dhamiri. Lakini mtumishi alipokea faili lenye alama ya juu bila kuelezwa sababu yake. Mzazi alipouliza, "Nimekosa nini?", mtumishi hakuwa na jibu. Kila mmoja alimwelekeza kwa mwingine, na nyuma yao wote hapakuwa na mtu.

Nchini Australia haikuwa hata akili mnemba. Ilikuwa hesabu ya kugawanya tu. Kuanzia mwaka 2016 serikali ilichukua mapato ya mtu ya mwaka mzima, ikayagawanya sawasawa kwa vipindi vya majuma mawili mawili, na kuyalinganisha na yale aliyoyatangaza alipokuwa akipokea msaada. Aliyepata kibarua miezi michache na kukosa kazi miezi iliyobaki alionekana mwongo. Aliambiwa alipe, au athibitishe mwenyewe kwamba hadaiwi, kwa hati za mishahara ya miaka iliyopita. Mpango huo ulikwama mahakamani, na tume ya uchunguzi ya mwaka 2023 ilitamka kwamba haukuwa wa haki wala wa halali.

Nasi tumekwisha kuingia katika njia hiyo. Kwa jirani zetu wa Kenya, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mfuko mpya wa bima ya afya huwatoza wasio na mshahara asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kwa kuwa mapato hayo hayana hati, watu huulizwa maswali juu ya kaya zao, na hesabu hukadiria. Nia yake ni njema: mwenye nacho achangie zaidi ya asiye nacho. Lakini swali la mama yule linabaki palepale. Muuza mboga akikadiriwa mapato asiyokuwa nayo, amwendee nani, na atajibiwa baada ya muda gani? Huo ndio mtihani wa haki wa mfumo wowote wa namna hiyo, uwe mdogo au mkubwa.

TUAMUE

Dhamana haiwezi kukabidhiwa mashine. Mashine haina aibu, haiogopi sheria, haitubu, wala haiwezi kumwomba mtu radhi. Mwenyekiti akikosea, tunaweza kumwita kwenye mkutano wa kijiji. Hakimu akikosea, kuna rufaa. Bwana shamba akikosea, tutamkuta njiani siku ya gulio. Anayetaka kuweka mashine mahali pa watu hawa, au kuitia mkononi mwao, hana budi kwanza kutaja jina la mtu atakayejibu.

Kanisa limelitazama jambo hili mapema. Tarehe 28 Februari 2020 Taasisi ya Kipapa ya Maisha ilitia sahihi mjini Roma wito juu ya maadili ya akili mnemba, pamoja na kampuni za Microsoft na IBM, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na serikali ya Italia. Uwajibikaji ni mojawapo ya kanuni zake sita. Hayati Papa Fransisko aliifanya akili mnemba kuwa mada ya Siku ya Amani Duniani ya tarehe 1 Januari 2024, na mwezi Juni mwaka huohuo alilizungumza mbele ya wakuu wa nchi saba tajiri, akisisitiza kwamba uamuzi lazima ubaki kwa binadamu. Papa Leo wa Kumi na Nne, siku mbili baada ya kuchaguliwa Mei 2025, alilitaja jambo hili alipoeleza sababu ya kuchagua jina lake: kama Leo wa Kumi na Tatu alivyolikabili suala la wafanyakazi wa viwandani mwaka 1891, ndivyo inavyotupasa sisi leo.

Mafundisho ya jamii yanatupa pia kanuni ya auni: jambo linaloweza kuamuliwa vema na jumuiya ya chini lisinyang'anywe na ngazi ya juu. Hapa ndipo akili mnemba inapotushtua bila kelele. Kamati ya kijiji iliyozoea kutembelea msitu na kusikiliza majirani hujikuta inasubiri orodha kutoka mjini. Hakuna aliyeifuta kamati, na mihuri yake bado iko mezani, lakini uamuzi umekwisha kuhama.

Wapo wasemao: basi tuikatae kabisa. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Afisa ugani mmoja huhudumia vijiji kadhaa, na askari wachache hulinda pori kubwa. Aidha, tusisahau kwamba watu nao hukosea, hupendelea ndugu zao, na hupokea rushwa; ramani ya setilaiti haina mjomba. Tukikataa chombo hiki, hakitatoweka. Kitabaki mikononi mwa wenye fedha, wakiwamo wanaotafuta magogo na ardhi, na mtetezi wa msitu ndiye atakayekwenda mikono mitupu.

Wengine husema: msiwe na wasiwasi, kila jibu litapitiwa na mtu. Neno hilo ni zuri, lakini Uholanzi imetufundisha kulipima. Mtu asiye na muda, asiyejua sababu ya jibu, na asiye na mamlaka ya kulikataa, si mlinzi, ni mhuri. Mtumishi anayepitishiwa mafaili 200 kwa siku, na anayeulizwa na mkubwa wake kwa nini ameikatalia mashine lakini haulizwi kamwe kwa nini ameikubali, atajifunza upesi kukubali.

Wako pia wanaosema kwa ukweli: "Shirika letu ni dogo. Tumepewa programu bure, lakini hatuna fedha za kumlipa mtu wa kusikiliza malalamiko." Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, nami nalijibu hivi: kama hamna uwezo wa kujibu makosa ya chombo, bado hamna uwezo wa kuwa na chombo chenyewe. Kitumieni kwanza katika kazi ambayo kosa lake halimdhuru mtu: kupanga picha za wanyama, kutafsiri rasimu, kuchagua mahali pa kwenda kutazama. Msikitumie kumtoza mtu faini, kumnyima msaada, au kumwandika jina katika orodha ya watuhumiwa.

TUTENDE

Je, kuisaidia ofisi ya mazingira au ya umma ipokee chombo hiki kwa uadilifu maana yake nini? Kwa maoni yangu ni mambo matano, na kila moja laweza kuulizwa na mwamini wa kawaida bila kuwa mtaalamu wa kompyuta.

Kwanza, tuanze na shida, si na chombo. Ofisi iandike kwa sentensi mbili tatu: tatizo letu ni lipi, tumekuwa tukilitatua vipi, na kwa nini njia hiyo haitoshi. Mara nyingi itagundulika kwamba kinachokosekana ni pikipiki ya afisa ugani au dawa ya zahanati, na hakuna programu itakayoziba pengo hilo.

Pili, chombo kipimwe hapa, na watu wa hapa. Kabla ya kukitegemea, wanakijiji, wazee na wataalamu wachukue majibu yake kadhaa wakayahakikishe kwa miguu na kwa macho. Wahesabu makosa, tena wahesabu yamewaangukia akina nani zaidi. Makosa 10 yaliyotawanyika ni jambo moja. Makosa 10 yaliyowaangukia wajane na wafugaji peke yao ni jambo jingine. Hesabu hiyo ibandikwe ubaoni, nayo irudiwe kila mwaka.

Tatu, atajwe mtu. Jina, ofisi, siku za kumwona, na muda ambao atakuwa amejibu. Mtu huyo awe na mamlaka ya kusimamisha uamuzi mpaka jambo lichunguzwe, na mzigo wa kuthibitisha uwe juu ya ofisi, si juu ya mlalamikaji. Sheria iko upande wetu hapa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinazungumzia haki ya mtu pale uamuzi unaomhusu unapofanywa na mitambo peke yake. Haki isiyojulikana ni kama kisima kilichofunikwa. Kazi ya tume zetu ni kukifunua.

Nne, ijulikane taarifa ni za nani. Anayekuja kupiga picha mashamba yetu, kurekodi sauti zetu au kuandika majina yetu aeleze kwa Kiswahili zitakwenda wapi, zitakaa muda gani, nani atauziwa, na namna ya kuzitoa. Ramani ya mahali walipo faru ikivuja, jangili ataitumia vizuri kuliko mlinzi. Orodha ya wagonjwa ikivuja, haiwezi kurudishwa.

Tano, zihesabiwe gharama zote, zikiwamo zile zinazolipwa na wengine. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba vituo vya kompyuta duniani vilitumia mwaka 2024 saa za terawati 415 za umeme, kiasi cha asilimia 1.5 ya umeme wote, na kwamba matumizi hayo yanaweza kuzidi maradufu ifikapo mwaka 2030. Mwaka 2023 jarida la Marekani la Time lilieleza jinsi wafanyakazi jijini Nairobi walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili, ili programu ya ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Shirika linalotetea mazingira na utu haliwezi kufumba macho mbele ya mambo hayo. Lichague chombo kidogo kinachotosha, limuulize muuzaji maswali magumu, na lijue litafanya nini siku mfadhili atakapoondoka.

Niwaeleze sasa kikao kile kiliishaje. Baada ya kijana kunyamaza, mzee mmoja alipendekeza, na kamati ikakubali, kwamba asitozwe mtu yeyote faini kwa sababu ya doa. Doa liwe mwito wa kwenda kutazama tu. Wajumbe watatu, mmoja wao mwanamke, wafike mahali hapo pamoja na mwenye shamba, waandike walichokiona, na mwenye shamba asomewe kilichoandikwa. Kijana aliafiki, na nadhani alifurahi. Walikwenda. Doa la mama lilikuwa shamba, kama alivyosema. Doa jingine, bondeni, ambako hakuna mtu aliyekuwa amefika kwa miezi, lilikuwa kweli: magogo yalikuwa yamepasuliwa na kusafirishwa usiku. Bila mashine wasingelijua la bondeni. Bila utaratibu wao wangemwadhibu mjane, na wapasuaji wa magogo wangeendelea kulala kwa amani.

Hapakuwa na mtaalamu katika utaratibu ule. Palikuwapo daftari, watu watatu, na kukubali kwamba anayetuhumiwa asikilizwe kwanza. Huo ndio msaada ambao ofisi zetu zinauhitaji kabla ya kompyuta mpya, na ambao sisi walei tunaweza kuutoa tangu leo. Mtu akija na chombo chake, tumkaribishe, tumpe kiti na maji ya kunywa, kisha tumuulize kwa upole swali la mama yule. Akiwa na jibu, tufanye naye kazi. Asipokuwa nalo, tumwombe akalitafute kwanza, nasi tumsubiri.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Ni maamuzi gani katika kata au kigango chetu ambayo siku hizi hufanywa kwa kompyuta au kwa simu? Tunamjua mtu anayeyajibia?

2. Kuna jirani yetu aliyenyimwa haki au huduma akaambiwa tu kwamba "mfumo umekataa"? Tulimsindikiza ofisini, au tulimwacha aende peke yake?

3. Kama shirika lingekuja kesho na programu ya kulinda msitu, maji au afya yetu, tungemteua nani ahakikishe majibu yake, na ni nani ambaye kwa kawaida tunasahau kumteua?